Guverneri Mkatoliki na Mtoto Asiyepiga Kura

Mwaka 2023, mbele ya uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili, mtu mmoja wa parokia yetu alitafuta kura ili awe depite wa taifa. Ni mkristu wa kweli, mwimbaji wa siku nyingi, baba wa watoto sita, si mtu wa kuchekwa. Jioni moja alikuja katika shirika letu kutusalimu, na mama mmoja mzee akamwuliza: «Mwanangu, wakileta kule Kinshasa sheria ya kuruhusu kutoa mimba, wewe utainua mkono upande gani?» Alikaa kimya kidogo, kisha akajibu: «Mama, mimi kwa moyo wangu nakataa kabisa. Lakini inchi si yangu peke yangu. Siwezi kuwafunga wengine kwa imani yangu.» Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi mwenyewe, katekista, niliitikia. Yule mama peke yake hakuitikia. Alikunja kitenge chake akatazama chini.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka ya kuwa maneno yale si mageni kwangu. Niliyasoma seminarini, katika fotokopi zilizofifia, wakati mwalimu wetu wa maadili alipotupa hotuba ya Mario Cuomo, guverneri wa New York, ili kila mmoja aandike hukumu yake. Niliisifu sana. Nilipewa alama kumi na sita juu ya ishirini, nami nilijiona mtu wa akili. Ndugu yetu wa kuimba hajalisikia hata siku moja jina la Cuomo. Lakini maneno yana miguu: yanatoka Marekani, yanapita katika masomo na redio, yanafika katika shirika letu chini ya mwembe. Kwa hiyo nimeitafuta hotuba ile tena, nimeisoma mara tatu, na leo nataka kuipima mbele yenu. Alama zile kumi na sita sasa zinaniuma kidogo.

Kwanza habari yenyewe. Cuomo alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa New York, mtoto wa Waitalia waliohamia Marekani. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyakula. Alisomeshwa katika shule za Wakatoliki, akawa avoka, na toka mwaka 1983 hata mwisho wa mwaka 1994 alikuwa guverneri. Alikufa siku ya kwanza ya mwaka 2015. Sasa, mwaka 1984 ulikuwa mwaka wa kuchagua prezida. Chama chake, chama cha Demokrate, kilimweka mama mmoja Mkatoliki wa New York, Geraldine Ferraro, kuwa makamu wa prezida kama kingeshinda. Mbele yake hakuna mwanamke aliyewekwa pale na chama kikubwa. Mama huyo alitetea ruhusa ya kutoa mimba. Naye Monsinyori John O'Connor, aliyekuwa ameanza kazi ya Askofu Mkuu wa New York mwaka ule ule, alikwisha kusema mbele ya watu wa televizio ya kuwa haoni namna gani Mkatoliki mwenye dhamiri njema aweza kumpigia kura mtu anayetetea wazi kutoa mimba. Moto ukawaka. Magazeti yaliuliza: Je, Maaskofu wanataka kutawala Marekani? Tarehe 13 ya mwezi wa tisa Cuomo alisimama mbele ya walimu na wanafunzi katika chuo kikuu cha Notre Dame, chuo cha Wakatoliki katika jimbo la Indiana, akatoa jibu lake.

Msomaji ajue pia sheria ilivyokuwa. Tarehe 22 ya mwezi wa kwanza 1973, Tribinali Kuu ya Marekani iliamua, waamuzi saba juu ya wawili, ya kuwa jimbo lo lote haliwezi kukataza kutoa mimba kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo la mama yake. Shauri lile laitwa Roe na Wade. Kati ya wale waamuzi tisa Mkatoliki alikuwa mmoja tu, William Brennan, naye alikuwa upande wa wale saba. Hilo peke yake lingetosha kutufundisha tusihesabu ubatizo wa watu kabla ya kutazama matendo yao, lakini tuendelee.

Hotuba yenyewe ni ndefu, nayo ni nzuri kusikia. Mwenye kusema anasema kama mtu anayefikiri, si kama mtu anayeuza kitu. Anakiri ya kuwa yeye ni Mkatoliki, kwamba anayapokea mafundisho ya Maaskofu juu ya mimba, na kwamba yeye na mke wake wameyashika nyumbani mwao. Kisha anauliza: Je, lile ninalolishika nyumbani, nina haki ya kulifanya sheria juu ya Mprotestanti, Myahudi, na mtu asiyesali? Jibu lake ni hili: katika inchi yenye watu wa dini nyingi, sheria ya maadili hupata nguvu kwa mapatano ya watu wote. Pasipo mapatano, sheria haisimami. Anakumbusha namna Wamarekani walivyokataza pombe kwa sheria kuu ya inchi toka mwaka 1920, na namna walivyoshindwa wakaifuta mwaka 1933. Anaongeza ya kuwa Eklezia yakataza pia talaka na dawa za kuzuia uzazi, lakini Maaskofu wa Marekani hawaombi polisi iwafuate watu kwa sababu hiyo. Basi kwa nini jambo hili moja lifanywe mtihani wa Mkatoliki mwema?

Kabla ya kumpinga mtu, mpe haki yake. Cuomo hakusema ya kuwa mtoto aliye tumboni ni nyama tu. Wengi wa chama chake walisema hivyo, yeye hakusema. Tena aliwaambia Wakatoliki neno chungu, na bado ni kweli: kwamba Wakatoliki wenyewe, baada ya mahubiri yote na shule zote, wanawaza juu ya mimba karibu sawa na watu wengine wa inchi. Kumbe tunataka serikali ifanye kwa gereza kazi ile tuliyoshindwa kuifanya kwa mafundisho. Nilipoyasoma maneno yale mara ya tatu nilisimama kidogo. Ni miaka kumi sasa nafundisha vijana wa ndoa, na najua ni wangapi kati yao walikwenda usiku kwa mganga au kwa mwuguzi wa kificho. Sikuwahi kumpeleka hata mmoja wao polisi. Niliwapeleka kwa padri. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa neno la Cuomo ni upepo mtupu. Alisema pia ya kuwa mama maskini apewe msaada ili azae, na mtoto apewe maziwa na dawa, na hapo nani atampinga?

Lakini hesabu yake ina pengo, nalo si dogo.

Talaka ni dhambi kubwa, lakini wale wawili wanaoachana wanatoka kortini wakiwa hai. Kutoa mimba kuna mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu hana kura, hana avoka, hana shirika la kumlilia. Ukisema «siwafungi wengine kwa imani yangu», umemhesabu mama, umemhesabu daktari, umejihesabu wewe mwenyewe. Yule mdogo umemwacha nje ya hesabu, na shauri lote ni lake. Kukataza kuua si jambo la Wakatoliki peke yao kama kufunga siku ya Ijumaa Kuu. Mpagani wa kijijini kwa babu yangu alilijua kabla ya padri wa kwanza kufika. Cuomo mwenyewe alikiri ya kuwa kuna kitu kikubwa pale tumboni. Basi baada ya kukiri hivyo hakuweza tena kukiweka pamoja na talaka katika kapu moja. Pale ndipo hotuba yake inapopasuka, na ajabu ni kwamba mimi, kijana wa seminari, sikuona ufa ule kwa sababu maneno yalipangwa vizuri.

Sasa nije kwenye mahali ambapo sisi watu wa Kongo tuna haki ya kusema kuliko msomaji wa New York. Cuomo, ili kuonyesha ya kuwa Maaskofu waweza kunyamaza bila kukosa, alichukua mfano wa utumwa. Alisema ya kuwa katika karne ya kumi na tisa, kabla ya vita vya Wamarekani wao kwa wao, Maaskofu wa kule hawakudai sheria ya kuondoa utumwa. Walikuwa wachache, walikuwa wageni, walichukiwa na Waprotestanti, tena wakristu wao wenyewe hawakupatana. Guverneri hakuwaita wanafiki. Aliwaona watu wenye kupima mambo yalivyo. Habari yenyewe ni kweli. Papa Gregori wa kumi na sita alikataza biashara ya watumwa mwaka 1839, na Monsinyori John England, askofu wa Charleston, akaandika kueleza ya kuwa Papa alikataza biashara tu, wala si kuwa na watumwa mashambani. Alifanya hivyo ili kuwatuliza wenye mashamba.

Lakini ni mfano gani huo wa kutuletea! Mtu anatafuta ushahidi wa kumsafisha, naye anachimbua kaburi la aibu yetu. Kunyamaza kule hakuwi hekima kwa sababu kulikuwa na sababu. Waulize wajukuu wa wale watumwa kama babu zao walifurahi kwamba Maaskofu walingoja mapatano ya watu wote. Mapatano ya nani? Mtumwa hakuulizwa. Yeye pia hakuwa na kura.

Nasi tunao mfano mwingine. Mapadri Weupe walipofika kando ya ziwa Tanganika waliona misafara ya watu waliofungwa shingo, iliyotoka Manyema ikielekea pwani. Walianza kwa kuwakomboa wachache, hasa watoto, kwa vitambaa na shanga. Lakini mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mkubwa wao, kwa neno la Papa Leo wa kumi na tatu, alitoka akahubiri Paris, London na Brussels, akaeleza mambo ya Manyema mbele ya watu waliovaa vizuri ambao hawakutaka kuharibu chakula chao cha jioni. Hakungoja Ulaya ipatane. Alitaka kuifanya ipatane. Kweli, najua nini kilichofuata, na sitaki msomaji afikiri nimesahau: nyuma ya vita vya kuondoa utumwa aliingia mfalme Leopold na kapu lake la mpira, na mikono ya watu wetu ikakatwa. Neno jema laweza kubebwa na mwizi. Lakini mwizi akibeba Msalaba, hatuusemi vibaya Msalaba. Lavigerie alifahamu jambo moja ambalo guverneri alilikosa: mapatano ya watu si mvua inayotoka juu, ambayo mkulima anaingoja tu. Ni shamba. Mtu mkubwa anayesimama na kusema anapanda, na anayenyamaza pia anapanda.

Cuomo mwenyewe alilijua jambo hilo. Ndiyo sababu ninaandika makala haya, na ndilo linalonifanya nimheshimu na kumkasirikia pamoja. Katika miaka yake kumi na miwili, kila mwaka wabunge wa New York walileta sheria ya kurudisha adhabu ya kifo, na kila mwaka alikataa kuitia sahihi. Mara kumi na mbili! Watu wengi wa jimbo lake waliitaka adhabu ile. Walimtukana kwa ajili yake. Mwaka 1994 alishindwa uchaguzi na George Pataki, na jambo hili lilikuwa moja la yale waliyomtupia usoni. Mwaka 1995 Pataki akatia sahihi. Mwaka 2004 tribinali ya juu ya New York ikaivunja sheria ile, wala hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwayo.

Basi tumwulize guverneri: Mapatano yalikuwa wapi hapo? Kwa mwuaji aliyehukumiwa, ulisimama mbele ya watu wote ukasema hapana, hata kama wananikataa, uhai si wetu kuuondoa. Hukusema: «Mimi kwa moyo wangu nakataa, lakini siwezi kuwafunga wengine.» Ulifanya vema. Mbona kwa asiye na kosa ulitafuta kwanza kuhesabu vichwa? Najua jibu la rafiki zake: juu ya mimba Tribinali Kuu ilikwisha kufunga mlango, guverneri angefanya nini? Ni kweli, hakuweza kuifuta hukumu ya mwaka 1973. Lakini hakuna hukumu iliyomlazimisha kutetea ulipaji wa kutoa mimba kwa mali ya jimbo. Tena, mkutano wa wabunge wa Marekani ulikataza toka mwaka 1976 mali ya serikali kuu isilipe kazi ile kwa maskini, isipokuwa katika mambo machache. Ni sheria ya depite Henry Hyde, Mkatoliki wa Illinois. Na mwaka 1980 Tribinali Kuu, watano juu ya wanne, ilisema yafaa. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Hyde naye alikwenda Notre Dame siku kumi na moja baada ya Cuomo kumjibu.

Na juu ya mapatano yenyewe, tusidanganyike. Hukumu ya 1973 haikutoka katika mapatano ya watu. Ilitoka kwa waamuzi saba. Hata katika New York, sheria ya kuruhusu ilipita mwaka 1970 kwa kura moja tu, depite mmoja alipogeuza kura yake dakika ya mwisho. Mwaka 1972 wabunge wa jimbo lile wakaifuta, na guverneri wa wakati ule, Nelson Rockefeller, akakataa kufuta kwao. Huwezi kufunga mlango, halafu ukasema watu hawakuingia kwa sababu hawataki.

Hapa wakristu wengi wa Marekani, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, walifikiri hivi: kama waamuzi ndio waliofanya, tuchague prezida atakayeweka waamuzi wengine. Nimesoma maandiko yao pia. Ni mawazo yenye nguvu, nayo si mabaya, ila yana udhaifu ambao wenyewe hawapendi kuutazama. Prezida Reagan alishinda majimbo 49 katika 50 mwaka ule wa 1984, kwa kura zao nyingi. Aliweka waamuzi watatu wapya. Mwaka 1992 shauri lilirudi, na wawili kati ya watu wake, mmoja wao Anthony Kennedy, Mkatoliki wa Misa ya kila Jumapili, waliungana na wengine, watano juu ya wanne, wakaulinda moyo wa hukumu ya 1973. Walingoja tena. Prezida Trump aliweka watatu, mwaka 2017, 2018 na 2020, na tarehe 24 ya mwezi wa sita 2022, katika shauri la jimbo la Mississippi, Tribinali Kuu ilifuta hukumu ya Roe. Miaka 49 ilikuwa imepita.

Wengi walipiga kengele za furaha. Nami nilifurahi. Lakini siku arobaini hazikwisha, na watu wa jimbo la Kansas, watu wa mashambani, wenye makanisa mengi, waliulizwa kwa kura kama katiba yao isilinde tena kutoa mimba. Watu 59 hivi katika kila 100 walikataa. Mwaka 2023 watu wa Ohio, karibu 57 katika 100, waliitia ruhusa ile katika katiba yao. Hapo sauti ya Cuomo ilisikika tena kutoka kaburini: Je, sikuwaambia? Wale waliohesabu waamuzi walikuwa wamesahau kuhesabu mioyo. Tribinali ilirudisha shauri kwa watu, na watu hawakuwa wameandaliwa. Katika jambo hili guverneri aliona mbali kuliko adui zake, na mkosoaji asiyekubali hivyo si mkweli.

Tena kuna jambo lingine ambalo wale wapiga kengele walipita kando yake. Serikali ile ile iliyowaweka waamuzi watatu ilirudisha kazi ya kuua wafungwa wa serikali kuu: toka mwezi wa saba 2020 hata mwezi wa kwanza 2021 watu kumi na watatu waliuawa. Maaskofu walipinga. Wakristu wengi walinyamaza, kwa sababu mtu wao alikuwa mtu wao. Kumbe wamekuwa Cuomo aliyegeuzwa nje ndani: yeye alimtetea mwuaji, akamwacha mtoto kwenye mapatano ya watu, wao walimtetea mtoto, wakamwacha mfungwa. Kardinali Bernardin wa Chicago alikwisha kusema mwaka 1983, katika chuo kikuu cha Fordham, ya kuwa ulinzi wa uhai ni jambo moja tangu tumboni hata kaburini, ingawa mambo yake hayana uzito sawa. Cuomo alimtaja kwa sifa katika hotuba yake. Papa Fransisko alibadili Katekismu mwaka 2018 akaandika ya kuwa adhabu ya kifo haikubaliki. Na mwezi wa tisa 2025 Papa Leo wa kumi na nne, mzaliwa wa Chicago, alipoulizwa juu ya seneta mmoja Mkatoliki, alijibu kwa upole ya kuwa anayekataa kutoa mimba huku anakubali kuua wafungwa hawezi kujiita mtetezi wa uhai.

Je, Eklezia yenyewe ilimjibu guverneri? Ndiyo, baada ya miaka kumi na moja, bila kutaja jina lake. Katika barua yake juu ya Evanjili ya uhai, tarehe 25 ya mwezi wa tatu 1995, Papa Yoane Paulo wa pili alisema ya kuwa hakuna ruhusa kwa mkristu kuipigia kura sheria ya kuruhusu kutoa mimba. Lakini akaongeza jambo ambalo wakali wengi hawalisomi: depite aliye katika bunge ambalo haliwezi kuifuta kabisa sheria mbaya, kama kukataa kwake kunajulikana wazi kwa watu wote, aweza kuunga mkono sheria nyingine ya kupunguza ubaya wake. Na mwaka 2004 Kardinali Ratzinger alieleza habari ya mpiga kura: akimchagua mtu kwa sababu ya kutetea kutoa mimba, anashirikiana naye katika ubaya, akimchagua kwa sababu nyingine nzito, huku akikataa ubaya ule, yawezekana, lakini sababu ziwe nzito kweli. Tazama basi: Eklezia haikatai kupima mambo yalivyo, kama Cuomo alivyodhani kwamba yeye peke yake anapima. Inakataa tu kupima kuwe mahali pa kujificha. Depite wa Papa Yoane Paulo anapata kidogo kwa sababu kikubwa kimemshinda, tena watu wote wanajua anataka nini. Depite wa Cuomo hana anachojaribu kupata.

Hayo nayaandika nikiwa na mawazo ya karibu zaidi kuliko Indiana. Tarehe 13 ya mwezi wa tatu 2024 serikali yetu iliondoa marufuku iliyodumu toka mwaka 2003, ikaruhusu tena hukumu za kifo zitekelezwe, kwa wasaliti wa jeshi na kwa majambazi wa miji wanaoua watu. Katiba yetu inasema mtu ni mtakatifu, na ya kuwa serikali inapaswa kumlinda. Siku ile habari ilipofika, niliwaona wakristu wakipiga makofi nje ya kanisa baada ya kumaliza rozari. Siwezi kuwalaumu haraka. Kuna waliozikwa watoto wao kwa panga la jambazi. Lakini ndugu yetu yule wa kuimba, ambaye hakupata kura za kutosha, alisimama katikati yao akasema: «Hapana, hata jambazi ni mtu wa Mungu, wasituulie mtu kwa jina letu.» Alizomewa. Hakusema ya kuwa ni imani yake ya moyoni tu.

Nilimtazama nikaona Cuomo mzima amesimama mbele yangu, na uzuri wake wote na pengo lake lote. Jioni nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwambia: «Kaka, leo umesema kwa nguvu mbele ya watu waliokuzomea. Mwaka jana yule mama alikuuliza juu ya mtoto, ukajibu kwa kunong'ona. Mimi nami niliitikia kwa kichwa.» Hakukasirika. Alifikiri, akaomba karatasi za hotuba ile azisome.

Nimefasiri kwa Kiswahili kurasa tano, zile za utumwa na zile za mapatano, pamoja na fungu la Papa Yoane Paulo juu ya madepite. Tutazisoma katika shirika Alhamisi mbili zijazo, saa kumi na moja, na yeye ndiye atakayesoma kwa sauti. Yule mama mzee amesema atakuja mapema ili akae karibu, kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri tena.